Skrini ya kuingilia katika Linux: Mlango wa tarakilishi inayotumiwa na wengi

MTEJA anayeingia katika duka la huduma za intaneti eneo la Kamakis, Ruiru, aghalabu huwa na haraka. Anataka kuwasilisha ripoti ya ushuru katika mfumo wa iTax, kuomba cheti kupitia eCitizen, au kuchapisha barua ya kutafuta kazi. Haulizi ni nani aliyeketi kwenye kiti hicho kabla yake, wala ni nani atakayeketi baada yake.

Swali hilo hujibiwa na skrini ya kuingilia, yaani ile inayotokea tarakilishi inapowashwa na kumtaka mtu ataje jina na nywila. Kwa mashine inayotumiwa na mtu mmoja nyumbani, skrini hiyo ni pambo tu. Kwa mashine inayotumiwa na watu wengi kwa siku moja, ndiyo mlango wa nyumba.

Kamakis ni mahali panapofaa kutolewa mfano. Ni pale Barabara ya Mchepuko ya Mashariki inapokaribia Barabara Kuu ya Thika, katika Kaunti ya Kiambu, na wengi wanapajua kwa nyama choma. Kando ya majiko hayo kuna nyumba za kupanga, maduka na ofisi ndogo ndogo. Tarakilishi moja katika ofisi ya aina hiyo huweza kutumiwa na mwenye duka, mfanyakazi wa zamu ya asubuhi, wa zamu ya jioni na wateja.

Suala hili limepata uzito zaidi tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 huhitaji kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na vichakato vya miaka ya karibuni, masharti ambayo mashine nyingi kuukuu haziyatimizi. Linux, ambayo hutolewa bila malipo, ni mojawapo ya njia za kuzifanya mashine hizo ziendelee kufanya kazi zikiwa salama.

Bawabu na sura yake

Katika Linux, skrini ya kuingilia si sehemu ya kiini cha mfumo. Ni programu inayojitegemea, na inaweza kuondolewa na nyingine kuwekwa mahali pake. Makala haya yataiita bawabu, kwa kuwa kazi yake ni kusimama mlangoni, kuuliza jina, kuhakiki nywila na kumfungulia anayestahili.

Bawabu wa kwanza aliyejulikana sana ni XDM, aliyeandikwa na Keith Packard na kutolewa mwaka wa 1988. Baadaye mazingira ya KDE yakaja na KDM, na yale ya GNOME yakaja na GDM. LightDM ilianzishwa na Robert Ancell mwaka wa 2010, kisha ikafuata SDDM ambayo hutumiwa sana pamoja na KDE.

Ubuntu, mfumo ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kutolewa mara ya kwanza Oktoba 2004, ulianza na GDM. Ulihamia LightDM katika toleo la 11.10 la mwaka wa 2011, kisha ukarejea GDM katika toleo la 17.10 la mwaka wa 2017. Linux Mint hutumia LightDM, nayo Kubuntu imetumia SDDM kwa miaka mingi.

Historia hii ina maana kwa mwenye mashine. Maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya bawabu mmoja hayamhusu mwingine. Mtu anayefuata mwongozo wa LightDM ilhali mashine yake inaendeshwa na GDM atabadilisha faili ambayo haisomwi na yeyote, kisha adhani kwamba amekosea.

Kumtambua bawabu aliyepo

Katika Ubuntu, Debian na Linux Mint, amri ifuatayo huonyesha bawabu anayetumika:

cat /etc/X11/default-display-manager

Jibu huishia kwa neno gdm3, lightdm au sddm. Katika mifumo mingine inayotumia systemd, kama vile Fedora, amri ya kutumia ni hii:

systemctl status display-manager

Anayetaka kubadilisha bawabu katika Ubuntu au Mint huweka kwanza programu anayoitaka, kwa mfano kwa amri ya sudo apt install lightdm. Mfumo humuuliza ni bawabu yupi atakayekuwa mkuu. Akitaka kubadili uamuzi baadaye, hutumia sudo dpkg-reconfigure lightdm, kisha huwasha mashine upya.

Kwa mashine kuukuu yenye kumbukumbu ndogo, LightDM ni chaguo jema kwa sababu ni nyepesi na haidai mazingira mazima ya GNOME. Maelezo mengi yanayofuata yanahusu LightDM, na tofauti za GDM na SDDM zinatajwa panapohitajika.

Mlango wa dharura kwanza

Kosa moja la herufi katika faili ya bawabu laweza kumfanya asitokee kabisa, na mashine ikabaki na skrini nyeusi. Kwa hivyo, kabla ya kugusa chochote, ni busara kuhakikisha kwamba njia ya kurudi ipo.

Njia hiyo ni skrini ya maandishi. Mtu akibonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, hupata mahali pa kuandika jina na nywila bila picha yoyote. Yafaa kuijaribu siku ambayo kila kitu kiko sawa, wala si siku ya matatizo.

Hatua ya pili ni kutunza nakala ya faili za asili:

sudo cp -a /etc/lightdm /etc/lightdm-asili

Mambo yakiharibika, mwenye mashine huingia kupitia skrini ya maandishi, hurejesha nakala hiyo na kumwanzisha bawabu upya kwa amri ya sudo systemctl restart lightdm. Izingatiwe kwamba amri hiyo hufunga kazi zote zilizo wazi. Haifai kutolewa mteja akiwa katikati ya kujaza fomu.

Kubadilisha sura

LightDM hugawa kazi mara mbili. Bawabu mwenyewe huhakiki nywila, na programu nyingine huchora kile kinachoonekana. Ndiyo maana kuna faili moja ya mipangilio ya bawabu na nyingine ya sura.

Linux Mint hutumia mchoraji aitwaye Slick Greeter. Mipangilio yake hupatikana bila kuandika amri yoyote, katika menyu ya usimamizi, chini ya dirisha la kuingilia. Anayependelea kuandika hufungua faili ya /etc/lightdm/slick-greeter.conf na kuweka mistari hii:

[Greeter]
background=/usr/share/backgrounds/duka.jpg
draw-user-backgrounds=false

Mstari wa pili hutaja picha ya usuli. Wa tatu huzuia picha hiyo kufunikwa na ile ambayo kila mtumiaji amejichagulia. Kwa duka, picha yenye jina la biashara na bei za huduma huweza kumsaidia mteja kuliko picha ya milima.

Mchoraji mwingine wa LightDM hutumia faili ya /etc/lightdm/lightdm-gtk-greeter.conf. Humo pia picha hutajwa kwa neno background, chini ya kichwa cha [greeter].

Wengi hukwama kwenye jambo moja dogo. Mchoraji hufanya kazi chini ya akaunti yake mwenyewe, si ya mwenye mashine. Picha ikiwa ndani ya kabrasha la nyumbani la mtu, mchoraji huenda asiruhusiwe kuisoma, hasa katika Ubuntu kuanzia toleo la 21.04 ambapo makabrasha hayo hufungwa kwa watu wengine. Dawa ni kuiweka picha katika /usr/share/backgrounds.

Kwa SDDM, mandhari hukaa katika /usr/share/sddm/themes, na huchaguliwa kupitia mipangilio ya KDE au katika faili iliyo chini ya /etc/sddm.conf.d. GDM ndiye mgumu zaidi kuvishwa. Zamani alikubali mandhari za kila aina, lakini alipoandikwa upya uhuru huo uliondolewa. Nembo na ujumbe bado hubadilishwa kwa urahisi, ila picha ya usuli huhitaji kazi ya ziada.

Majina yasiyopaswa kuonekana

Sura ikishapendeza, kuna maamuzi yenye uzito zaidi. La kwanza ni orodha ya majina.

Kwa kawaida bawabu huonyesha majina ya watu wote wenye akaunti ili kuwarahisishia kuingia. Nyumbani hilo ni jambo jema. Dukani, humpa mpita njia nusu ya ufunguo: tayari anajua jina la mwenye duka, na kilichobaki ni kukisia nywila. Pale ambapo nywila ni nambari ya simu iliyobandikwa ukutani, kukisia si kazi kubwa.

Katika LightDM orodha hufichwa kwa kuunda faili ndani ya /etc/lightdm/lightdm.conf.d, kwa mfano 50-duka.conf, yenye mistari hii:

[Seat:*]
greeter-hide-users=true
greeter-show-manual-login=true

Tangu hapo, anayetaka kuingia huandika jina lake mwenyewe. Katika GDM ya Ubuntu na Debian, faili inayohusika ni /etc/gdm3/greeter.dconf-defaults. Chini ya kichwa cha [org/gnome/login-screen] huwekwa mstari wa disable-user-list=true, kisha mashine huwashwa upya.

Kuingia bila kuulizwa

Uamuzi wa pili ni kumruhusu mtu fulani aingie moja kwa moja mashine inapowashwa, bila nywila. Ni kishawishi kikubwa mahali ambapo stima hupotea na kurudi, kwani mwenye duka huchoka kuandika nywila kila mara.

Hatari yake haihitaji maelezo marefu. Akaunti ya mwenye duka ikifunguka yenyewe, barua pepe zake, nywila zilizohifadhiwa katika kivinjari na nakala za wateja zilizochanganuliwa huwa mikononi mwa yeyote aliye karibu na kitufe cha kuwashia.

Lakini si lazima fursa hiyo iachwe kabisa. Inaweza kutolewa kwa akaunti isiyo na siri yoyote, iliyofunguliwa kwa ajili ya wateja pekee:

sudo adduser mteja

Kisha mstari huu huongezwa katika faili ya 50-duka.conf, chini ya kichwa kile kile:

autologin-user=mteja

Akaunti hiyo isipewe kamwe uwezo wa kutumia sudo. Mwenye duka hubaki na akaunti yake, yenye nywila, na huifikia kwa kutoka katika ile ya mteja na kuandika jina lake mlangoni.

Kufuta nyayo za mteja

Akaunti ya pamoja ina kasoro moja. Mteja wa saa tatu akisahau kujiondoa katika barua pepe yake, mteja wa saa nne ataikuta wazi. Vyeti alivyopakua mmoja hubaki kwa ajili ya mwingine.

Zamani Ubuntu ilikuwa na suluhisho la akaunti ya mgeni, ambayo ilifutika kila mgeni alipotoka. Mwaka wa 2017 iligunduliwa kwamba katika toleo la 16.10 na lililofuata mgeni hakuwa amezuiwa inavyostahili, na angeweza kuzifikia faili za watumiaji wengine. Akaunti hiyo ikazimwa, na GDM iliyochukua nafasi ya LightDM mwaka huo haina kitu kama hicho.

LightDM hutoa njia nyingine. Humruhusu mwenye mashine kutaja programu fupi ya kuendeshwa kabla ya mtu kuingia na baada yake kutoka. Kwanza akaunti ya mteja hutayarishwa ikiwa safi: kivinjari hupangwa, ukurasa wa kwanza huchaguliwa, kisha mtu hutoka. Nakala yake hutunzwa na mwenye duka kwa amri hii:

sudo rsync -a /home/mteja/ /opt/mteja-safi/

Baada ya hapo huandikwa faili ya /usr/local/sbin/safisha-mteja yenye mistari mitatu:

#!/bin/sh
[ "$USER" = mteja ] || exit 0
rsync -a --delete /opt/mteja-safi/ /home/mteja/

Mstari wa kati ndio kinga. Husema kwamba iwapo anayeingia au kutoka si mteja, programu iache kila kitu kama kilivyo. Bila kinga hiyo, kabrasha la mteja lingeweza kufutwa wakati usiofaa. Faili hiyo hupewa ruhusa ya kuendeshwa kwa sudo chmod 755 /usr/local/sbin/safisha-mteja, kisha hutajwa katika 50-duka.conf:

session-setup-script=/usr/local/sbin/safisha-mteja
session-cleanup-script=/usr/local/sbin/safisha-mteja

Imetajwa mara mbili kwa sababu maalumu. Stima ikipotea ghafla, mteja hatoki kwa utaratibu na usafi wa mwisho haufanyiki. Usafi wa mwanzo ndio utakaoondoa nyayo zake mashine itakapowaka tena. Ikumbukwe pia kwamba usafi wa mwanzo ukishindikana, bawabu hatamruhusu mtu kuingia. Hivyo ni lazima mpango wote ujaribiwe kabla ya duka kufunguliwa.

Wateja nao waelezwe mapema kwamba chochote wasichokiweka kwenye flashi au kukituma kwa barua pepe kitapotea wakitoka. Hilo si kosa la mashine, ndilo lengo lenyewe.

Kiswahili mlangoni

Skrini ya kuingilia pia ni mahali pa kuzungumza na mteja. Katika GDM, mistari miwili katika faili ile ile ya greeter.dconf-defaults hutosha:

banner-message-enable=true
banner-message-text='Karibu. Kumbuka kutoka kabla ya kuondoka.'

Kwa LightDM, maneno kama hayo huweza kuandikwa juu ya picha ya usuli yenyewe.

Juhudi za kuifanya tarakilishi izungumze Kiswahili si za leo. Mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice mwezi wa Desemba 2004, programu ya ofisini yenye menyu za Kiswahili. Hata pale ambapo bawabu hana tafsiri kamili, maneno ya kumkaribisha na kumwonya mteja huweza kuandikwa na mwenye duka mwenyewe, kwa lugha inayoeleweka na wanaopita mlangoni pake.

Mlango si ukuta

Pamoja na hayo yote, bawabu ana mipaka yake. Hulinda mlango mmoja tu. Mtu mwenye flashi iliyo na Linux huweza kuiwasha mashine kutoka humo na kusoma diski bila kumwona bawabu. Kinga yake ni kuisimba diski yote wakati Linux inapowekwa, chaguo ambalo Ubuntu na Mint hutoa, pamoja na kuweka nywila katika mipangilio ya msingi ya mashine.

Diski iliyosimbwa huomba nywila yake kila mashine inapowashwa, kabla hata ya bawabu kutokea. Kwa hiyo inafaa zaidi kwa tarakilishi ya ofisi yenye kumbukumbu za wateja kuliko ile inayowashwa na kuzimwa na kila mtu. Bora zaidi ni kutenganisha kazi hizo mbili: kumbukumbu zikae kwenye mashine ambayo mteja haigusi.

Sheria pia inahusika. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka wa 2018 imefanya kuingia katika mfumo wa mwingine bila idhini kuwa kosa, lenye faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au adhabu zote mbili. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 humtaka anayeshughulikia taarifa za watu achukue hatua za kuzilinda.

Sheria ya kwanza humtazama mwizi, ya pili humtazama mwenye nyumba aliyeacha mlango wazi. Mwenye duka anayepokea nakala za vitambulisho na nambari za ushuru za majirani zake hawezi kusema kwamba hilo halimhusu kwa kuwa duka lake ni dogo.

Kazi yote iliyoelezwa hapa haihitaji kununua chochote. Inahitaji subira, nakala ya faili za asili, na kujaribu kila hatua kabla ya kwenda nyingine. Picha nzuri mlangoni humfurahisha mteja anapoketi. Lakini anachostahili zaidi ni kwamba akishainuka na kuondoka kuelekea barabarani, siri zake ziwe zimeondoka pamoja naye.